Kutangaza Vifaa Visivyojitaja katika Kiini cha Mfumo Endeshi

Makusudi ya makala haya ni kueleza jambo moja la elimu ya kompyuta ambalo, ingawa ni la mafundi, lawahusu pia wanaoshughulika na maneno: namna kiini cha mfumo endeshi kinavyopata habari za vifaa vilivyounganishwa na mashine. Mfano wetu ni kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kwa kuwa maandishi yake yamewekwa wazi kwa kila atakaye kuyasoma.

Yafaa tuanze na istilahi. Kiini ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayotawala kumbukumbu, zamu za kazi na vifaa. Kiendeshi ni programu iliyo chini ya kiini, nayo yajua namna ya kusemezana na kifaa cha aina fulani. Ama zile nyaya ambazo vifaa vingi huzitumia kwa ushirika, jina lake la Kiingereza ni kifupisho cha neno la Kilatini lenye maana ya "kwa wote". Tukisema "basi", msomaji atafikiri gari; na kweli jina la gari hilo latoka shina lilo hilo. Hapa tutasema "njia ya pamoja".

Njia za pamoja zagawanyika mafungu mawili. Katika fungu la kwanza vifaa hujitaja vyenyewe. Njia ya PCI, iliyotolewa mwaka 1992, huagiza kila kifaa kiwe na mahali maalumu palipoandikwa namba ya mtengenezaji na namba ya kifaa, kila moja ya biti 16. Kiini hupita mahali pote kikisoma. Pasipo na kifaa hupata biti zote ni moja, namba ambayo hakupewa mtengenezaji yeyote. Njia ya USB, iliyotoka mwaka 1996, ina adabu nyingine: kifaa kipya huitika kwanza kwenye anwani 0, kisha hupewa anwani yake kati ya 1 na 127, na huulizwa habari zake zote. Ni kama mgeni apigaye hodi na kutaja jina lake kabla ya kukaribishwa.

Fungu la pili halina desturi hiyo. Mfano wake mashuhuri ni njia ya I2C, iliyobuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1982. Ina nyaya mbili tu, mmoja wa data na mmoja wa mapigo ya saa. Anwani zake za kawaida ni za biti 7, yaani 128 kwa jumla. 16 katika hizo zimetengwa kwa kazi nyingine, zikabaki 112. Kifaa kikiitwa kwa anwani yake huuvuta waya wa data chini kwa muda mfupi, na maana ya alama hiyo ni "naam", basi. Hakisemi ni nani. Saa ya DS3231 huitika kwenye anwani 104, ambayo mafundi huiandika 0x68 kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita. Na kipima mwendo cha MPU-6050 nacho huitika kwenye anwani hiyo hiyo, isipokuwa mguu wake mmoja umefungwa ili kihamie 0x69. Asikiaye "naam" kutoka 0x68 hajui bado kama ameitikiwa na saa au na kipima mwendo.

Mtu aweza kusema: kwa nini kiini kisiendelee kuhoji mpaka kijue? Wahenga wamesema kuuliza si ujinga, lakini hapa kuuliza kwaweza kuwa hasara. Ujumbe ulio swali kwa kifaa kimoja waweza kuwa amri kwa kingine. Mwanzoni mwa karne hii baadhi ya kompyuta za ThinkPad ziliharibika kwa sababu hiyo. Programu ya kutafuta vipima joto ilipeleka kwenye kila anwani ujumbe mfupi usio na data, ili kujua tu kama pana aitikaye. Kifaa kimoja cha kumbukumbu, cha aina ya 24RF08, kiliufahamu vingine; yaliyomo yakavurugika, na mashine zikakataa kuwaka.

Kwa hiyo hapana budi kifaa kisichojitaja kitangazwe na mwingine. Katika mashine ndogo zenye vichakata vya ARM, zamani tangazo hilo liliandikwa ndani ya kiini chenyewe, faili moja kwa kila ubao wa mashine. Mbao zikazidi, na faili zikazidi pamoja nazo, hata mwaka 2011 Torvalds akalalamika hadharani. Tangu hapo mashine hizo zilianza kuhamia kwenye "mti wa vifaa", mtindo uliokwisha kuwekwa katika kanuni ya IEEE 1275 ya mwaka 1994. Mti huu ni maandishi yaliyo nje ya kiini, nayo hupewa kiini wakati wa kuwaka. Njia ya pamoja ni tawi, na kila kifaa ni kitawi chake, chenye anwani na jina la ulinganifu kama "maxim,ds3231": mtengenezaji kwanza, kisha aina. Kiini hulitafuta jina hilo katika orodha za viendeshi, na likipatikana, kiendeshi hukabidhiwa kifaa. Mtumiaji naye aweza kutangaza kifaa mashine ikiwa inafanya kazi, kwa kuandika jina na anwani katika faili ya njia inayohusika.

Lakini tangazo ni ushahidi, na ushahidi waweza kuwa wa uongo. Mti ukisema "saa" mahali palipo kipima mwendo, kiendeshi kitayasoma matetemeko kana kwamba ni masaa na dakika. Baadhi ya vifaa hupunguza hatari hii: MPU-6050 ina rejista ya utambulisho, ambayo kiendeshi huweza kuisoma na kumsahihisha mtangazaji. DS3231 haina rejista ya namna hiyo. Kwake hatuna ila kuliamini neno tuliloambiwa.

Hapa ndipo mtungaji wa istilahi anapopaswa kuwa mwangalifu. Kuna vitendo vitatu: kifaa hujitaja, mtu hukitangaza, au kiini hukijaribu. Tukivitia vyote katika neno moja "kutambua", msomaji atadhani kiini kimeona kwa macho yake jambo ambalo kimesikia tu; na mashine ikikosea, atautafuta ubovu katika kifaa kizima, hali ubovu umo katika maandishi. Tuseme basi "kujitaja", "kutangaza" na "kujaribu", kila neno mahali pake.