Je, Mpeasi Utazaa Uani Mabamba?

Wapo wakazi wa kata yetu wanaotamani kuotesha mpeasi nyumbani, wapate matunda matamu kama yale ya Lushoto. Kabla ya kutoa fedha, mkazi hana budi kufahamu kwamba mti huo hupumzika wakati wa baridi, na aina nyingi huhitaji mamia ya saa zenye ubaridi wa chini ya nyuzi joto 7 ndipo machipukizi ya maua yaamke. Usiku wetu wa Juni na Julai, ingawa hutulazimu kuvaa sweta, haufikii kiwango hicho. Mti utastawi majani, na mwenyewe atangoja. Zipo aina zinazoridhika na baridi kidogo, kama Kieffer, lakini tunda lake ni gumu na hufaa zaidi kupikwa. Tena, mipeasi mingi haizai vizuri bila jirani wa aina nyingine.

Huko pwani neno pea hutumika pia kwa parachichi. Pea hiyo ndiyo tunayoishauri.

Nunua mche uliobebeshwa. Huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4, ilhali ule wa mbegu huweza kuchukua muda maradufu na kutoa tunda lisilofanana na la mama yake. Kovu la kubebesha huonekana shinani; muuzaji asiyeweza kulionyesha asilipwe. Mwenye shaka amwonyeshe afisa ugani wa kata kabla ya kununua, si baada ya miaka minne.

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, uchanganye udongo wa juu na samadi iliyooza, upande mvua za Novemba zikishika. Kovu libaki juu ya udongo. Epuka mahali maji yanapotuama, kwa kuwa mizizi ya mparachichi huoza upesi. Kiangazi mwagilia na uweke matandazo, lakini yasiguse shina, maana huwaalika mchwa.

Ua la mparachichi hufunguka mara mbili: kwanza kama jike, kisha hujifunga na kufunguka tena kama dume. Kwa hiyo nyuki ni muhimu, nasi Kibondo tumejaliwa nyuki. Mti ukichanua, usipulizie dawa ya wadudu.

Parachichi haliivi likiwa mtini. Lichume likiwa limekomaa, pamoja na kikonyo chake, uliweke ndani siku kadhaa hadi lilainike.