Ram Narayan na Sarangi Iliyotoka Nyuma ya Mwimbaji

Ram Narayan alipofariki mjini Mumbai Novemba 2024, akiwa na umri wa miaka 96, alisifiwa kuwa mtu aliyeiokoa sarangi. Sifa hiyo ni ya kweli nusu. Sarangi ni ala ya India ya jamii ya zeze. Ina nyuzi kuu tatu za utumbo wa mnyama, na chini yake nyuzi za chuma zaidi ya 30 ambazo upinde hauzigusi. Huvuma zenyewe zile kuu zinapolia. Mpigaji habonyezi uzi kwa ncha ya kidole kama afanyavyo mpigaji fidla, bali huusukuma uzi ubavuni kwa mzizi wa kucha, hata kucha zikaingia mifereji. Kwa hiyo sauti huteleza bila kukatika na kukaribia koo la binadamu. Bahati na balaa la sarangi vilianzia hapo: kwa kuwa iliweza kumwiga mwimbaji kuliko ala nyingine, ikafanywa mfuasi wake.

Ufuasi huo uliambatana na dharau. Sarangi ilihusishwa na wanawake waliowaimbia na kuwachezea matajiri kwenye kumbi zao, na aliyeipiga alihesabiwa mtu wa chini. Narayan, aliyezaliwa karibu na Udaipur mwaka 1927, aliijua aibu hiyo mapema. Katika miaka ya 1940 alikwenda redio ya Lahore kuomba kazi ya uimbaji. Aliyemsaili akaiona mifereji kwenye kucha zake, akamwajiri apige sarangi. Baada ya India kugawanywa mwaka 1947 alihamia Delhi, kisha Mumbai, ambako filamu zilimlisha. Mashabiki wa filamu za Kihindi pwani yetu huenda walimsikia bila kumjua, kwa mfano katika Mughal-e-Azam ya mwaka 1960. Lakini alitaka jukwaa lake mwenyewe. Mwaka 1954 alijaribu kupiga peke yake, na hadhira iliyokuwa ikiwangoja mabingwa wengine ikamfukuza jukwaani. Mwaka 1956 alijaribu tena, akasikilizwa. Baadaye akaacha kabisa kuwasindikiza waimbaji, na kuanzia mwaka 1964 akaipeleka sarangi Ulaya.

Wapo watakaosema kwamba mpigaji sarangi Bundu Khan alikwisha kuipiga peke yake kabla yake. Ni kweli, na heshima yake haipungui. Ila Narayan ndiye aliyeufanya upigaji huo uwe kazi ya maisha mbele ya hadhira za dunia. Hoja nzito zaidi ni kwamba aliwaacha wenzake njiani, kwa kuwa nafasi kando ya mwimbaji ilizidi kuchukuliwa na harmonia, kinanda cha mivukuto ambacho hujifunzwa kwa urahisi zaidi. Lawama hiyo haimstahili. Harmonia ilipigwa marufuku kwenye redio ya taifa ya India tangu 1940 hadi 1971, na hata kinga hiyo kwa sarangi haikuizuia harmonia kutawala majukwaa. Kama kinga ya dola ilishindwa, mpigaji mmoja kubaki nyuma ya waimbaji kusingebadili kitu. Alichoweza kukiokoa ni heshima ya ala, na alikiokoa: mwaka 2005 India ilimtunuku Padma Vibhushan, nishani yake ya pili kwa ukubwa kwa raia, na binti yake, Aruna Narayan, naye akawa mpigaji sarangi wa jukwaani.