Kompyuta Inayojizima: Uchunguzi Uanzie Ukutani
(Sehemu ya Kwanza)

Kompyuta ya mezani inayojizima yenyewe katikati ya kazi humletea mwenye nyumba hasara mbili. Kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea, na baada yake mara nyingi hupotea fedha, kwa kuwa wengi hukimbilia kununua vifaa kwa kubahatisha, leo kibadilisha umeme, kesho feni, keshokutwa kuweka Windows upya, ilhali chanzo cha tatizo kimebaki palepale kilipokuwa. Makala haya, ambayo ni ya kwanza kati ya mbili, yanaeleza namna ya kukitafuta chanzo hicho kwa mpangilio, yakiitazama kata ya Mwisenge mjini Musoma, ambako ukaribu wa Ziwa Victoria, hali ya umeme na asili ya kompyuta zenyewe huongeza sababu ambazo vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa Ulaya na Marekani havizigusi.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kujizima, mara nyingi, ni kinga. Ndani ya kompyuta mna walinzi wawili wasiolala. Wa kwanza ni kibadilisha umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, na kazi yake ni kupokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa volti 12, 5 na 3.3 unaotumiwa na sehemu za ndani. Umeme ukipungua au kuzidi kiasi, kifaa hiki hukata. Wa pili ni prosesa, yaani sehemu inayofanya hesabu zote za kompyuta, ambayo hupima joto lake yenyewe, hupunguza kasi inapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na joto likizidi kupanda huamuru mashine nzima izimwe kabla haijaungua. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: kompyuta inajikinga na nini? Anayetafuta njia ya kuizuia isijizime, bila kujibu swali hilo, anaiondolea kinga na kuiacha iharibike moja kwa moja.

Namna inavyozimika

Kabla ya kugusa waya wowote, inafaa kutazama namna kompyuta inavyozimika, kwa sababu namna hiyo hupunguza nusu ya kazi ya uchunguzi. Ikizimika papo hapo, kioo kikawa cheusi na feni zikanyamaza bila onyo lolote, mashaka huelekezwa kwenye umeme au joto. Ikionyesha kwanza kioo cha buluu chenye maandishi, kisha ikajiwasha upya, mashaka huelekezwa kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo hujulikana zaidi kwa jina la RAM, au kwenye programu zinazoendesha vifaa. Ikifunga programu moja baada ya nyingine na kuaga kwa utaratibu, basi imeamriwa kufanya hivyo, aghalabu na masasisho ya Windows, na hapo hakuna kifaa kilichoharibika.

Pamoja na kutazama, kuandika kuna faida kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Daftari la kawaida lenye safu tatu, yaani saa ya kuzimika, kazi iliyokuwa ikifanyika na vifaa vingine vilivyokuwa vimewashwa nyumbani, likijazwa kwa juma moja hutoa ushahidi ambao fundi hawezi kuupata kwa kuitazama kompyuta mara moja mezani kwake. Ichukuliwe, kwa mfano, kompyuta ambayo daftari lake linaonyesha kwamba huzimika kati ya saa moja na saa tatu usiku, lakini hufanya kazi bila tatizo kuanzia asubuhi hadi saa tisa alasiri, wakati ambapo jua huwa limelipasha joto paa la bati. Daftari hilo limekwisha kuiondolea lawama kubwa hali ya joto, kwa kuwa saa za joto kali zinapita salama, na limeelekeza kidole kwenye saa ambazo kila nyumba imewasha taa, televisheni, pasi na jiko.

Umeme: kutoka mita hadi soketi

Uchunguzi wa umeme huanzia nje ya kompyuta kabisa. Mita ya Luku ikiishiwa uniti hukata umeme wa nyumba nzima, na sakiti breka, yaani swichi inayojikata yenyewe mzigo unapozidi, huweza kukata umeme wa vyumba kadhaa tu. Mambo haya yathibitishwe kwanza, kwa kuwa hayagharimu chochote. Kukatika kwa umeme kwa eneo zima nako hujulikana mara moja: hitilafu ya gridi ya taifa ya tarehe 1 Aprili 2024 iliiacha sehemu kubwa ya nchi gizani, na hakuna aliyeilaumu kompyuta yake siku hiyo.

Kigumu kutambua ni umeme unaopepesa. Umeme wa ukutani ni mkondo geu, yaani mkondo unaorudia mzunguko wake mara 50 kila sekunde, na kila mzunguko huchukua milisekunde 20. Kibadilisha umeme kizuri hutunza akiba ndogo ya kuvuka pengo la takriban milisekunde 16, na kilichochakaa hutunza chini ya hapo. Pengo likizidi kidogo, balbu huonekana imepepesa tu na watu wanaendelea na mazungumzo, lakini kompyuta imekwisha kuzimika. Mji wa Musoma hupata umeme wake kwa njia ndefu ya msongo wa kilovolti 132 kutoka Mwanza, na bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi, hivyo mapengo ya aina hii katika majira ya mvua si jambo la kushangaza.

Pamoja na mapengo kuna upungufu wa volti. Katika mfano wa kompyuta inayozimika usiku, kipimo cha multimita kwenye soketi, kikichukuliwa na mtu mwenye ujuzi mara moja mchana na mara moja saa mbili usiku, kinaweza kumaliza ubishi wote. Tuseme mchana kinasoma volti 228 na usiku kinashuka hadi 180. Kibadilisha umeme chenye lebo inayosema 100 hadi 240 kitaendelea kufanya kazi bila taabu, lakini chenye lebo ya 200 hadi 240 kiko nje ya mipaka yake na kina haki ya kukata. Lebo hiyo imebandikwa ubavuni mwa kifaa chenyewe, na kuisoma ni sehemu ya uchunguzi. Baadhi ya vibadilisha umeme vya zamani vina pia swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye namba 115 na 230. Hapa Tanzania lazima isomeke 230, kwani ikiachwa kwenye 115 kifaa huungua mara tu kinapochomekwa.

Tatizo jingine hutokana na asili ya kompyuta nyingi za nyumbani, ambazo huingia nchini zikiwa zimetumika. Waya zilizotoka bara Ulaya huwa na plagi ya pini mbili za mviringo, ilhali soketi za Tanzania ni za pini tatu bapa, zenye kizibo cha ndani kinachofunguka pale tu pini ndefu ya juu inapoingia. Njia inayotumiwa na wengi ni kusukuma kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili kizibo kifunguke, kisha kuzibana pini mbili katika matundu ya chini. Plagi iliyoingizwa hivyo hushika kwa ncha tu, hutikisika mtu anapopita au meza inapoguswa, na kila mtikisiko huweza kuwa mwisho wa kazi iliyokuwa ikiandikwa. Zaidi ya hayo, tundu lililofunguliwa kwa kijiti ndilo la ethi, yaani njia inayopeleka umeme uliovuja ardhini, na kompyuta iliyochomekwa hivyo haina njia hiyo. Boksi lake la chuma linaweza kumpiga mtu shoti. Waya wenye plagi ya pini tatu na fyuzi ndani yake ni dawa ya bei ndogo kuliko kifaa chochote kitakachotajwa katika makala haya.

Waya wa kuongezea soketi, ambao wengi huuita ekstensheni, nao uchunguzwe. Kompyuta ya kawaida pamoja na kioo chake hutumia chini ya wati 200, lakini pasi hutumia wati 1,000 na zaidi, na birika la umeme huweza kufika 2,000. Vikichomekwa pamoja kwenye waya mwembamba, volti hushuka pale pasi inapojiwasha, na plastiki ya soketi huanza kubadilika rangi. Mwenye nyumba anaweza kufanya jaribio rahisi kwa kuchomeka taa ya mezani kwenye waya uleule: taa ikizimika au kufifia pamoja na kompyuta, lawama iko upande wa umeme, ikibaki inawaka vilevile mara kadhaa, mashaka yahamie ndani ya boksi.

Hata kifaa kilichonunuliwa kuleta nafuu huweza kuwa chanzo. UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoilisha kompyuta kwa dakika chache umeme unapokatika, hutegemea betri ambayo kwa kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano, na joto hupunguza umri huo. Betri ikifa, UPS huendelea kuonekana nzima hadi umeme upepese, na hapo huzimika pamoja na kompyuta. Jaribio lake ni kuchomeka taa pekee kwenye UPS, kisha kuichomoa UPS ukutani. Taa ikizimika papo hapo, betri imekwisha.

Joto, vumbi na wadudu wa ziwani

Ikiwa umeme umethibitishwa kuwa mzuri, hatua inayofuata ni joto. Dalili yake ni kompyuta kuwaka vizuri ikiwa baridi, kuzimika baada ya muda wa kazi nzito kama kuchakata video au michezo, na kuzimika haraka zaidi ikiwashwa tena mara moja. Prosesa hupozwa na kipande cha chuma chenye mapezi membamba pamoja na feni inayopuliza hewa katikati ya mapezi hayo. Musoma ipo katika mwinuko unaozidi kidogo mita 1,134, ambao ndio mwinuko wa Ziwa Victoria, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na ile ya pwani, hivyo feni iliyosongwa na uchafu haina nafasi kubwa ya kufanya makosa.

Uchafu wenyewe una sura ya mahali. Wadudu wadogo wa ziwani, ambao hutoka majini kwa makundi makubwa na ambao baadhi ya aina zao hufuata mwandamo wa mwezi, huvutwa na mwanga wa madirisha na vioo vya kompyuta usiku. Wakivutwa na feni, hukwama kwenye mapezi, hukauka, na vumbi la barabara za udongo huwafunika hadi hufanyika utando unaoziba hewa kabisa. Mtu anayelifungua boksi baada ya miaka miwili anaweza kukuta feni ikizunguka vizuri mbele ya ukuta wa kijivu usiopitisha pumzi yoyote.

Usafishaji hufanywa kompyuta ikiwa imechomolewa ukutani, si kuzimwa tu. Mtu aguse kwanza chuma cha boksi ili umeme tuli wa mwilini uondoke, kisha aishike feni kwa kidole isizunguke, na atoe uchafu kwa brashi laini mpya ya rangi. Ikiwa mashine ni ya miaka mingi, mafuta mazito yanayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupozea, ambayo kazi yake ni kupitisha joto, huwa yamekauka na yanafaa kubadilishwa na fundi. Kompyuta isiwekwe chini sakafuni wala kusukumwa hadi mgongo wake uguse ukuta, na nyakati za usiku dirisha lenye wavu huokoa feni kuliko usafishaji wowote.

Mpaka wa mwenye nyumba

Umeme ukiwa sawa na joto likiwa sawa, kibadilisha umeme chenyewe ndicho kinachofuata kushukiwa. Njia ya uhakika ni kuazima kinachojulikana kuwa kizima na kukijaribu kabla ya kununua. Kifaa hiki kisifunguliwe nyumbani kwa hali yoyote, kwa sababu kapasita zake, yaani sehemu zinazohifadhi chaji, huweza kubaki na volti zinazokaribia 325 hata baada ya plagi kuchomolewa. Kapasita za madabodi, ambayo ni ubao mkuu unaounganisha sehemu zote, zaweza kutazamwa bila kuguswa: zilizovimba kichwa au kutoa ute wa kahawia zimeharibika, na kasoro hiyo ni ya kawaida katika mashine zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Windows nayo hutunza daftari lake. Mtu akibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, akaandika eventvwr, kisha akafungua orodha ya mfumo, ataona matukio kwa saa na namba. Namba 1074 humaanisha kwamba programu au mtumiaji aliagiza kuzimwa. Namba 41 humaanisha kwamba mashine iliwaka tena bila kuzimwa kwa utaratibu, jambo ambalo halitaji chanzo, lakini hutoa saa ambayo mashine iliwaka tena, ya kulinganisha na daftari la karatasi.

Mwisenge ni kata ambayo shule yake ya msingi ilimpokea Julius Nyerere mwaka 1934, na leo katika nyumba zake mwalimu huandaa mtihani na mwanafunzi hufanya mazoezi kwenye kompyuta iliyonunuliwa kwa kujinyima. Fedha hiyo inastahili heshima, na heshima yake ni kutobadilisha kifaa chochote kabla ya chanzo kuthibitishwa, na kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja ili ijulikane ni kipi kilicholeta nafuu. Uchunguzi ulioanzia ukutani ukaingia ndani hatua kwa hatua humwezesha mwenye nyumba kumpelekea fundi maelezo yanayomwelekeza pa kuanzia, na mara nyingi humwonyesha kwamba waya wa plagi ya pini tatu ulitosha. Sehemu ya pili itaeleza kompyuta mpakato, ambayo hubeba betri yake yenyewe na kwa hiyo huzimika kwa sababu nyingine.