Bima ya Afya Itufikie Watoto, Tena Idumu

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii ndiyo maana kamili ya bima. Mpenzi msomaji, wengi wetu tukisikia neno bima tunadhani ni mambo ya watu wazima wenye mishahara na magari. La hasha! Katika makala haya nitaeleza bima ya afya ya umma hufanyaje kazi, imewafikia vipi watoto wa Kenya, na kwa nini kuianzisha ni jambo moja na kuidumisha ni jambo jingine.

Tuchukue mfano wa darasa lenye wanafunzi 50. Kila mmoja akitoa shilingi 20 kwa mwezi, mkebe unapata shilingi 1,000. Mwezi huo wawili wanaugua malaria na wanatibiwa kwa pesa hizo. Je, wale 48 waliobaki wamepunjwa? Hata kidogo! Zamu yao ikifika, mkebe utawafaa wao. Sasa tuseme wengi waanze kusema, "Mimi niko fiti, nitalipa nikiugua." Mkebe utabaki na wagonjwa watupu, na hautamaliza hata muhula mmoja. Kwa hivyo siri ya bima ni kwamba walio wazima wachange, tena wachange wakiwa bado wazima.

Serikali yetu ilianzisha bima ya hospitali, ambayo wengi waliijua kwa jina NHIF, mwaka 1966. Mwanzoni ilikuwa ya watu wa mishahara. Baadaye watu wa jua kali, wakulima na wachuuzi waliruhusiwa kujiunga kwa hiari, na kuanzia mwaka 2015 walilipa shilingi 500 kwa mwezi. Mtoto alitibiwa kwa kadi ya mzazi. Hapo ndipo penye kiini cha mambo: mtoto hana bima yake mwenyewe. Mzazi akilipa, mtoto yumo. Mzazi akikwama, mtoto naye ametoka, ingawa hakukosa lolote.

Njia nyingine za kuwafikia watoto zilijaribiwa. Kuanzia Juni 2013 akina mama walianza kujifungua bila malipo katika hospitali za umma, na baadaye mpango huo ukaja kuitwa Linda Mama. Halafu mwaka 2018 ukaja mpango wa EduAfya kwa wanafunzi wa shule za sekondari za umma. Serikali ilimlipia kila mwanafunzi shilingi 1,350 kwa mwaka. Hapa mwanafunzi alikuwa na bima kwa sababu ni mwanafunzi, awe mtoto wa daktari au wa mchoma makaa. Kaka na dada zetu waliotutangulia walitibiwa meno, macho na hata kulazwa. Lakini kufikia mwaka 2024 mpango huo ulikuwa umesimama. Sisi tulio Kidato cha Tatu tunausikia tu kama hadithi.

Tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF iliipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Anayepata shilingi 20,000 hukatwa 550. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba, maji, choo na mengineyo, kisha hupigiwa hesabu ya mchango wake, ambao haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Mchango huo humhudumia yeye, mwenzi wake na watoto wao. Matibabu katika zahanati na vituo vya afya yamepangwa yawe ya bure kwa kila aliyejisajili, yakilipiwa na mfuko wa serikali. Lakini ukilazwa katika hospitali kubwa, ni lazima mchango wa nyumbani uwe umelipwa.

Sasa nipasue jipu. Nyumbani kwetu baba ni fundi wa jua kali na mama huuza mitumba. Ndugu yangu mdogo ana pumu. Hesabu yetu ilitoka shilingi 6,000 kwa mwaka. Ukigawanya kwa miezi 12 unapata 500, sawa kabisa na ile ya zamani! Mbona basi ilikuwa vigumu? Kwa sababu ilitakiwa ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, nayo Januari ndiyo mwezi wa sare, vitabu na pesa za chakula cha mchana shuleni. Mtu wa jua kali hapati pesa kwa mwaka. Hupata kwa siku. Mama aliamua kutia shilingi 20 kwenye kopo kila siku anayouza. Siku 300 ni shilingi 6,000. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 2025 serikali nayo ilileta mpango wa Lipa SHA Pole Pole ili watu wa namna hii waweze kulipa kidogo kidogo. Mwaka huo huo ilitangaza kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza kabisa. Hizo ni hatua njema. Mgala muue na haki umpe.

Hata hivyo, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa ninazoziona ni tatu. Kwanza ni stakabadhi. Mtoto anayelelewa na nyanya, asiye na cheti cha kuzaliwa, ni vigumu kumwandikisha popote. Pili ni malipo ya hospitali. Hospitali isipolipwa kwa wakati hukosa dawa, na mzazi aliyelipa bima hutumwa duka la dawa na pesa zake mfukoni. Mzazi huyo mwaka ujao hatalipa. Tatu ni wizi. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilizifungia hospitali kadhaa kwa madai ya kudai malipo ya uongo. Kila shilingi inayoliwa hivyo ni dawa ya mtoto fulani.

Maoni yangu ni kwamba bima ya mtoto isitegemee mfuko wa mzazi peke yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya huduma ya afya. Haikusema kila mtoto ambaye mzazi wake amelipa. Shule yenye wanafunzi 400, kwa kiwango cha EduAfya, ingehitaji shilingi 540,000 kwa mwaka. Ni pesa nyingi, sikatai. Lakini watoto wengi hawaugui sana, kwa hivyo mkebe wao hauishi haraka. Wakubwa watakaoamua wakumbuke hivyo.

Nasi wanafunzi tuna kazi. Leo jioni uliza nyumbani: je, jina langu limeandikwa? Kama wazazi hawajui kutumia simu, wabonyezee *147# na uwasomee maswali. Cheti chako cha kuzaliwa kiko wapi? Mimi nilipouliza, niligundua kuwa jina la ndugu yangu halikuwamo, na tuliliingiza wiki hiyo hiyo. Uliza mapema, kabla homa haijabisha hodi.