Upepo Uliojificha Kwenye Breki ya Honda CB750

Mkono wa breki unabanwa, unakwenda tu mpaka unagusa mshikio, na gurudumu la mbele linaendelea kuzunguka. Hapo ndipo furaha ya wengi waliofufua Honda CB750 ya zamani hukwama. Injini imewaka, kromu imesuguliwa hadi mtu anajiona uso, mabomba manne ya moshi yananguruma, lakini pikipiki yenye uzito wa zaidi ya kilo 200 haina cha kuisimamisha isipokuwa breki ya dramu ya nyuma.

Kazi inayofuata mafundi huiita kutoa upepo. Ukiisikia ikielezwa utadhani ni ya dakika kumi: chupa ya mafuta ya breki, spana ndogo, mpira mwembamba unaopitisha mwanga na mtu wa kusaidia. Kwenye pikipiki mpya mara nyingi huwa hivyo kweli. Kwenye chombo kilichotoka kiwandani zaidi ya miaka hamsini iliyopita, kazi hiyohiyo inaweza kula siku mbili, na sababu yake ni kwamba upepo una mahali pengi pa kujificha kuliko mtu anavyodhani.

Msingi wa breki hii ni wa zamani kuliko pikipiki yenyewe. Blaise Pascal, Mfaransa aliyefariki mwaka 1662, alionyesha kwamba shinikizo likiwekwa kwenye kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa kila upande. Tuchukue mfano wa pistoni yenye kipenyo cha milimita 14 juu, kwenye masta silinda iliyofungwa kwenye usukani, na pistoni ya milimita 42 chini kwenye kalipa, kifaa kinachozibana pedi kwenye diski ya gurudumu. Eneo la ile ya chini ni mara tisa ya eneo la ile ya juu, kwa hiyo nguvu inayosukuma ya juu hufika kwenye pedi ikiwa imeongezeka mara tisa. Lakini nguvu hiyo hailetwi bure. Ili pistoni ya chini isogee milimita moja, ya juu lazima isogee milimita tisa, na safari yote ya pistoni ya juu ni fupi. Mafuta hayakubali kubanwa, hewa inakubali. Kiputo kidogo kikiingia katikati kinaimeza safari hiyo yote peke yake, na pedi hazisogei.

CB750 ilipoonyeshwa Tokyo Oktoba 1968 na kuingia sokoni mwaka uliofuata, ilikuja na silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 736 na mwendo unaokaribia kilomita 200 kwa saa. Mwendo huo ulihitaji breki ya kuukabili. Timu ya mhandisi Yoshiro Harada ilikuwa imeandaa breki za aina mbili kwa gurudumu la mbele, dramu iliyozoeleka na diski, na Soichiro Honda mwenyewe akachagua diski. Diski zilikuwapo kabla ya hapo: Lambretta TV175 ya 1962 ilikuwa nayo, na MV Agusta ya silinda nne ya katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa nazo mbili, ila zilivutwa kwa waya. Honda ndiyo iliyochukua diski inayosukumwa na mafuta na kuiweka kwenye pikipiki iliyotengenezwa kwa wingi, mikononi mwa waendeshaji wa kawaida. Tangu siku hiyo mwenye pikipiki akalazimika kuyajua mafuta ya breki, na tabia yake si nyepesi.

Mafuta hayo, yale yanayoandikwa DOT 3 na DOT 4, hunyonya unyevu wa hewa. Yanaunyonya pikipiki ikitembea, na yanaunyonya pikipiki ikiwa imefunikwa turubai stoo. Kiwango cha Marekani kinataka DOT 4 mpya isichemke chini ya nyuzi joto 230, lakini ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kinachotakiwa ni nyuzi 155 tu. DOT 3 huanzia 205 na kushuka hadi 140. Mwendeshaji anayeteremka mlima mrefu kama Kitonga huku ameshikilia breki anaipasha diski joto, joto linaingia kwenye kalipa, maji yaliyomo kwenye mafuta yanageuka mvuke, na mvuke unabanwa kama hewa. Breki iliyokuwa ngumu kileleni inakuwa laini bondeni. Kwa anayeitunza pikipiki ya aina hii Mombasa, Tanga au Unguja, ambako hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, kubadilisha mafuta kila baada ya miaka miwili ni jambo la lazima, hata kama pikipiki haijatoka nje ya geti.

Kwa hiyo kazi haianzi kwa kupampu. Inaanza kwa kufungua kifuniko cha kikopo cha mafuta kwenye usukani na kutazama ndani. Mafuta mazuri yana rangi ya asali nyepesi. Yaliyozeeka huwa ya kahawia kama chai ya rangi iliyokaa kwenye birika, na yaliyokauka huacha magamba meupe. Kwenye sakafu ya kikopo kuna vitundu viwili. Kikubwa kinaonekana bila shida. Kidogo kinahitaji tochi, kwa kuwa upana wake ni wa kama ncha ya sindano, na mara nyingi kimezibwa na uchafu kiasi kwamba kinaonekana kama doa kwenye chuma. Kitundu hicho ndicho kinachoruhusu mafuta kurudi kikoponi mkono wa breki ukiachiwa, na ndicho mlango wa mwisho wa upepo unaopanda kutoka chini. Kikiziba, mtu anaweza kupampu kuanzia asubuhi hadi adhuhuri bila kupata kitu. Baya zaidi, mafuta yakipata joto na kutanuka yanakosa njia ya kurudi, na breki inajishika yenyewe barabarani. Uzi mmoja uliochomolewa kwenye waya wa umeme unatosha kukizibua. Anayepitisha kitu kinene zaidi ameharibu masta silinda.

Chini kwenye kalipa kuna jambo jingine linalowachanganya hata mafundi wazoefu. Kalipa ya CB750 ina pistoni moja upande mmoja tu, na imebebwa na mkono unaocheza kwenye pini ili pedi ya upande wa pili nayo iifuate diski. Pini hiyo ikishikwa na kutu, mkono hauchezi. Pistoni inaposukuma, inaipinda diski kidogo kuelekea pedi ya pili, nayo diski inarudi kama springi. Vidoleni hali hiyo inajisikia sawasawa na upepo. Chupa tatu za mafuta zinaweza kumwagwa kutibu ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa msasa laini na grisi.

Mipira nayo isiachwe. Mpira wa breki wa miaka ya 1970 unaweza kung'aa kwa nje huku ndani umevimba hadi njia imebaki nyembamba. Ubadilishwe. Na kila bolti yenye tundu inayoshika mpira huo ipate washa mpya za shaba, maana washa ya zamani ikishabanwa mara moja hailali vizuri tena.

Baada ya hapo ndipo upepo unatolewa. Tangi hufunikwa kwa kitambaa kinene na ndoo ya maji husogezwa karibu, kwa sababu mafuta ya breki hula rangi, na tone moja lisilooshwa mara moja linaacha alama ya kudumu. Mtu mmoja anakaa kwenye usukani, mwingine anachuchumaa kando ya gurudumu. Mpira unaopitisha mwanga unavalishwa kwenye skrubu ya kutolea upepo, ncha yake ya pili ikizama kwenye chupa yenye mafuta kidogo.

“Pampu. Shika!”

“Nimeshika.”

Spana inazungushwa robo. Mafuta yanaruka ndani ya mpira, kwanza ya kahawia, yakifuatana na msururu wa viputo vidogo kama shanga, mkono wa breki unazama, na skrubu inafungwa kabla haujaachiwa. Mpangilio huo ndio kazi nzima. Mkono ukiachiwa skrubu ikiwa wazi, upepo unavutwa kurudi ndani. Kikopo cha juu nacho kisipoongezwa mafuta kila baada ya mizunguko michache, kinakauka, kinameza hewa, na kazi inaanza upya.

Skrubu yenyewe inastahili heshima. Ina tundu katikati, kwa hiyo ni dhaifu kuliko inavyoonekana, na baada ya miaka mingi ya kutu hukatika kirahisi sana. Anayejua hunyunyizia mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla, hutumia spana inayokamata pembe zote sita, na akihisi inagoma huizungusha mbele na nyuma kidogokidogo.

Hata hivyo, mwenye CB750 anaweza kuona mafuta safi yasiyo na kiputo hata kimoja, na mkono bado ukawa laini. Mbinu ya kupampu inasukuma mafuta kwenda chini ilhali upepo unataka kupanda juu. Kwenye pikipiki hii mstari wa breki unapita kwenye kiungo kilichopo chini ya usukani, pale iliposhikizwa swichi ya taa ya breki, na kiungo hicho ni kichaka kizuri cha hewa. Sehemu nyingine ni bolti ya juu kabisa, mpira unapotoka kwenye masta silinda. Fundi mvumilivu hugeuza usukani ili masta silinda iwe juu ya vyote, hugongagonga mpira na kiungo kwa mpini wa bisibisi, kisha huugusa mkono wa breki polepole, milimita chache tu kila mara. Kwenye kikopo, juu ya kile kitundu kidogo, kiputo kimoja kinajitokeza, kisha kingine. Wengine hutumia bomba la sindano kusukuma mafuta kutoka kwenye kalipa kwenda juu, na kwa pikipiki za zamani hiyo ndiyo njia inayofaa kujaribiwa mapema, kwani inausukuma upepo kule unakotaka kwenda wenyewe.

Wenye BMW R90S ya miaka ya 1970 wana mzigo mkubwa zaidi: masta silinda yao imewekwa chini ya tangi la petroli na kuvutwa kwa waya kutoka kwenye usukani, hivyo hata kutazama mafuta kunahitaji tangi liondolewe.

Kuna chupa moja ya kuogopwa dukani, ile ya DOT 5. Hayo ni mafuta ya silikoni, na hayachanganyiki na DOT 3 wala DOT 4, ingawa DOT 5.1 yanachanganyika na hizo mbili. Namba zinafanana kiasi cha kumponza mnunuzi aliye na haraka.

Jioni, mkono wa breki ukishaanza kuwa mgumu, hubanwa na kufungwa kwenye mshikio kwa ukanda wa mpira wa tyubu, na pikipiki huachwa hivyo hadi asubuhi. Viputo vilivyobaki vinaminywa na shinikizo, vinasinyaa, vinabanduka kwenye kuta na kupanda taratibu usiku kucha. Asubuhi ukanda unafunguliwa, kikopo kinajazwa hadi alama, skrubu inakaguliwa kama inavuja. Kisha pikipiki inasukumwa kwa mkono uani, injini ikiwa imezimwa, na vidole viwili vinagusa breki. Gurudumu la mbele linasimama palepale.