Viti 40, majina 42

Muhula uliopita niliandika programu ndogo ya Python ya kugawa viti 40 vya basi la safari ya mafunzo. Nilipoijaribu peke yangu, poa kabisa. Siku ya kujiandikisha watu wakabonyeza kwa pamoja, yakatoka majina 42. Wawili wa mwaka wa kwanza walibaki getini na mabegi yao, na nauli walishalipa.

Kosa lilikuwa wapi? Programu ilikagua kwanza kama kiti kipo, ndipo ikaandika jina. Kati ya hatua hizo mbili, ombi jingine nalo lilikagua, likakiona kiti kile kile.

Dawa yake: maombi yote yaingie kwenye foleni moja, ile Queue ya Python, na uzi mmoja tu uyashughulikie, kama dirisha lenye karani mmoja. Usiiamini empty(), maana jibu lake huweza kupitwa kabla hujaita get(). Kila kazi ikiisha ita task_done(), la sivyo join() itasubiri milele.

Mara hii, kabla ya kutangaza, nimewaomba wenzangu sita wa hosteli wabonyeze kwa pamoja.