Sarafu ya vijana wa Haneti

Jumamosi moja alasiri nilikuwa nyumbani Haneti, wilayani Chamwino, nikawakuta vijana wanne chini ya mkwaju wameinamia boksi lililochanwa. Juu yake wameandika kwa mkaa herufi A hadi Z, na kila mmoja ameweka kidole kwenye sarafu ya shilingi 200. Usiku uliotangulia walikuwa wametazama katika banda umiza filamu ya Kimarekani ya mwaka 2014 iitwayo Ouija, ikisimuliwa kwa Kiswahili. Sasa nao walikuwa wanaita mizimu.

Ningecheka nikapita, kama si swali walilouliza. Jirani yetu alikuwa amezika mtoto wiki ile. Wakauliza: nani kamwua? Sarafu ikatembea herufi kwa herufi, ikataja jina la bibi mmoja kikongwe anayeishi peke yake, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni. Nawe unajua, ndugu msikilizaji, kwamba katika nchi hii, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wamekatwa mapanga kwa macho ya namna hiyo.

Ubao wa herufi haukutoka kuzimu. Ulipewa hataza huko Marekani mwaka 1891, ukauzwa madukani kama mchezo wa sebuleni. Filamu ya The Exorcist ya mwaka 1973, ambamo binti anauchezea kabla ya kuingiwa na shetani, ilichangia sana kuufanya uogopwe.

Kwa nini basi sarafu inasogea? Mwaka 1853 Waingereza walikuwa wakiweka mikono juu ya meza, meza inazunguka, wanasema ni roho. Mwanasayansi Michael Faraday akaweka chini ya mikono yao vipande vya kadi vilivyopangwa tabaka tabaka na kushikizwa kwa gundi laini. Vya juu vilisogea zaidi kuliko vya chini. Maana yake mkono ulitangulia, meza ikafuata. Watu wale hawakuwa waongo. Misuli hufuata kile ambacho akili inakitarajia, mwenye mkono asijue. Alipowawekea kijiti cha kuwaonyesha mikono yao inaposukuma, meza ikatulia.

Ila swali la nani kaua halikutoka Marekani. Hilo ni letu. Tangu Mussa Banzi alipotoa Nsyuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, filamu za kutisha za hapa nyumbani zimekuwa nyingi, na mara ngapi tumemwona humo mganga akichungulia kwenye maji, sura ya mchawi ikajitokeza? Mtunzi wa filamu ndiye aliyeiweka sura ile. (Na sisi watu wa redio tunajua kwamba nusu ya hofu ni sauti. Zima sauti, utabaki unatazama mlango unaofunguka polepole.) Wagogo wa zamani nao walikuwa na milungu, roho za wazee wao, lakini aliyeziendea alikuwa mtu wa ukoo, na shida yake ilikuwa mvua au ugonjwa. Hakuna aliyemwita babu yake kwa sarafu.

Niliwaomba vijana wafungwe vitambaa machoni. Wakakubali bila wasiwasi, kwani mzimu unahitaji macho yao? Kimya kimya nikaligeuza boksi, juu likawa chini. Wakauliza tena swali lile lile. Sarafu ikaenda kwa kasi mahali ambapo herufi za jina la bibi zilikuwa mwanzo. Nilipowafungua nikawasomea zilizotoka. Halikuwa neno la Kigogo wala la Kiswahili.

Mkubwa wao akalichana boksi. Lakini mdogo wake alikuwa ameshakimbia kisimani na lile jina. Jioni hiyo tulikwenda sote kwa baba wa marehemu, kisha kwa mwenyekiti wa kitongoji, vijana wakaeleza kwa vinywa vyao jinsi sarafu ilivyokwenda. Bibi tulimkuta jikoni, anapuliza kuni, akatuuliza mbona tumekuja wengi hivyo.